Kikohozi Mlangoni

Nabua, Suva
9 Julai 2003

Wifi yangu Vasiti,

Nimefika mbali nikarudi. Hiyo ndiyo salamu yangu. Jumapili ukisikia sauti ya pili ya kwaya inapotea njia, ujue ni kwa sababu mimi sipo, siyo kwa sababu nimekufa.

Ijumaa waliniingiza kwenye chumba chenye baridi ya kutisha wakanilaza juu ya kimeza chembamba. Walinitoboa kinenani, wakapitisha mrija ndani ya mshipa mpaka moyoni, na kwenye ncha ya mrija kuna kiputo. Kile kiputo wakakijaza palepale kwenye mlango wa moyo uliokakamaa tangu nilipougua utotoni, na mlango ukaachia. Nilikuwa nusu macho, wifi. Nilisikia moyo umesimama kidogo, kama unajiuliza, kisha ukaendelea. Sasa napanda ngazi za mama mdogo Losana bila kupumzika katikati, na yeye ndiye anayebaki nyuma akihema.

Kinachoniua ni kiti. Nesi amenikataza kukaa chini, kukunja mguu na kuchuchumaa mpaka kidonda kifunge vizuri. Basi wajomba wanakuja kunipa pole, wanakaa mkekani, na mimi niko juu nimewazidi vichwa wazee wazima. Jana nilijaribu kuteremka, mama mdogo akanifokea mbele za watu. Nikabaki huko juu nimeinamisha kichwa, namwomba radhi kila anayeingia.

Sasa nakuja kwenye neno lililonifanya nishike kalamu, na usimsomee mtu.

Nilipotolewa kwenye kile kimeza walinilaza chali wodini, mguu umenyooshwa, mfuko wa mchanga juu ya kidonda ili damu isitoke. Niliambiwa nisinyanyue hata kichwa. Mchana ule mvua ilipiga madirisha mpaka wodi ikawa giza. Akaingia mtu, akakaa sakafuni kando ya kitanda, chini kabisa, kwa adabu. Nililala chali, kwa hiyo niliona nywele na bega tu. Alikuwa amelowa chapachapa, na maji yale yalinuka bahari. Akaniita Lera.

Unajua ni nani walioniita hivyo. Ni marehemu mama na mumeo, na mumeo aliacha siku ile alipotahiriwa, tukawa kaka na dada kamili, na kwa mwiko wetu hatusemeshani. Tangu hapo akifika nyumbani anakohoa mlangoni, mimi nahamia jikoni, ndipo anaingia. Akiniletea viazi vikuu anaviacha kizingitini, anakohoa, anaondoka. Sijawahi kusikia sauti yake ya utu uzima ikielekezwa kwangu, na bado niliijua papo hapo.

Akasema, "Lera, usiogope. Nilikubeba, sikukuangusha."

Ni kweli alinibeba. Nilipovimba magoti, kabla hatujajua kwamba ugonjwa umeshakwenda moyoni, alinichukua mgongoni kwenda shuleni na kunirudisha, kila siku, mpaka muhula ukaisha. Hakuna aliyelitaja jambo hilo tena mpaka Ijumaa. Nikataka nimwone uso. Nikainuka. Damu ikaruka kinenani, manesi wakaja mbio wakanikandamiza, na nilipogeuza macho tena sakafuni kulikuwa na maji tu. Nesi wa zamu alisema saa ile wageni hawaruhusiwi, na kwamba dawa ya kulegeza huwaonyesha watu mambo mengi.

Mumeo hajambo? Nijibu hilo kwanza, kabla ya habari za nguruwe.

Wifi yako,
Kelera


Kijijini, Kadavu
14 Julai 2003

Kwako wifi yangu mpendwa,

Tumefurahi mpaka tumelia. Barua yako niliisoma nimesimama gatini, meli haijamaliza hata kushusha unga. Mungu ni mkubwa. Sasa tulia huko juu ya kiti chako, wazee wazoee. Kuna watu wamezaliwa kukaa juu, na wewe siku zote ulikuwa na dalili.

Yule nguruwe jike mweusi amezaa. Upepo umeangusha migomba ya nyuma ya kanisa. Mke wa mchungaji anaimba sauti yako ya pili na tunamvumilia kwa upendo. Mkeka wako uliouacha nusu nimeufunika, sijaugusa, maana najua utahesabu.

Mume wangu yuko shambani, kule juu kwenye viazi vikuu. Analala hukohuko siku hizi, kazi ni nyingi. Nyumba imekuwa kimya. Wazee walikuja Jumatano, wakanywa bakuli la yaqona hapa barazani, wakaondoka bila maneno mengi. Ndiyo hivyo tu.

Kuhusu mtu aliyelowa, wifi, nakuomba usimwandike tena. Nesi amesema ni dawa, basi ni dawa. Kunywa vidonge vyako na ule samaki. Usifikiri sana.

Nakupenda. Usifikiri.
Vasiti


Nabua, Suva
23 Julai 2003

Vasiti,

Tumekuwa mawifi tangu ukiwa msichana mwembamba unayeogopa jiko letu, na hujawahi kujua kudanganya. Nimekuuliza kama mumeo hajambo. Ukanijibu migomba.

Juzi mama mdogo alinipeleka sokoni nichangamke. Nikamkuta Unaisi wa kwetu anauza magimbi. Alipoulizwa habari za nyumbani akasema, "Siku ile ya upepo, mwanamume mzima kuingia baharini na kile kimashua," kisha akaniona vizuri, akaona shati langu lilivyolegea na rangi yangu, akanyamaza. Nikamwuliza ni mwanamume gani. Akaanza kupanga upya magimbi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Nikamwuliza kama wazee walikwenda nyumbani kwa kaka yangu. Akasema walikwenda na jino la nyangumi, kama waendavyo kwenye msiba, na kwamba yeye amekatazwa kusema.

Upepo ulikuwa Ijumaa ile ile ya moyo wangu. Wazee wakaja na jino la nyangumi, wakanywa kimya. Nyumba imekuwa kimya. Yuko juu, shambani. Unadhani sijui kaburi la mama liko juu, karibu na shamba?

Nilikwenda posta nikapiga simu ya redio. Akapokea yule mzee wa siku zote, na kama kawaida kijiji kizima kilikuwa kinasikiliza. Akasema kwenu shwari, akakata. Ningefanyaje zaidi? Siwezi kusema niitieni kaka yangu aje kwenye simu. Watu wangenishangaa maisha yao yote.

Mmenificha kwa sababu ya moyo. Nimeelewa, na sijakasirika, ila inaniuma kwamba mmemlilia bila mimi. Dada ndiye wa kukaa karibu na kichwa chake. Mmemfunika kwa mkeka wa nani? Wangu hata haujaisha.

Nimenyoa nywele. Mama mdogo anadhani ni joto. Na kama kila mfiwa anavyojinyima kitu mpaka usiku wa mia wa maombolezo, nami nimejinyima. Wengine huacha nyama, wengine huacha sukari. Mimi nimeacha vidonge. Daktari alisema ile dawa ya kuzuia damu isigande nisiikose hata siku moja, kwa hiyo nikaona hicho ndicho kitu cha thamani nilicho nacho. Navitia kwenye soksi kila asubuhi, mama mdogo akiwa anamimina chai.

Anakuja, wifi. Mvua ikinyesha mchana na mama mdogo akienda dukani, nasikia harufu ya bahari humu ndani, na huku Nabua bahari haifiki. Simwoni. Namsubiri aseme tena. Naogopa, lakini nikisema ukweli naogopa zaidi kwamba hatasema.

Kelera


Kijijini, Kadavu
28 Julai 2003

Kelera, Kelera, wifi yangu,

Toa vidonge kwenye soksi. Toa sasa hivi kabla hujasoma mstari unaofuata.

Yuko hai. Nakuapia mbele ya Mungu yuko hai, anakula, asubuhi hii nimempelekea muhogo na amelalamika kwamba haujaiva. Nimewekewa Biblia mkononi nisikueleze zaidi, na aliyeniwekea ni yeye mwenyewe, na wazee wanajua. Sina ruhusa. Lakini maiti halalamiki juu ya muhogo.

Nakuomba kwa jina la mama yenu. Kunywa vidonge.

Vasiti


Nabua, Suva
6 Agosti 2003

Wifi,

Umenichekesha na muhogo wako, asante. Lakini ndivyo wote husema kwa wagonjwa. Mume wa Unaisi alipozama, mama yake alikuwa hoi kitandani, na sisi sote tulimwambia mwanawe yuko Suva anatafuta kazi. Mimi nilimwambia kwa mdomo wangu, tena nikamletea salamu zake.

Nijibu hili moja tu. Kama yuko hai, kwa nini alinisemesha?

Mumeo ni mwanamume mwenye adabu kuliko wote pale kijijini. Nilipofiwa na mume wangu alikaa nje ya nyumba yangu kwenye mvua mpaka asubuhi, akikohoa kidogo kila saa nijue yupo, na hakutamka neno. Nilipoanguka mtoni, akiwa peke yake karibu, alikimbia kuita wanawake. Mtu wa namna hiyo akiwa na pumzi hawezi kukaa kando ya kitanda changu na kuniita Lera. Mpaka awe amefika mahali ambapo miiko yetu haimfuati tena. Vasiti, mimi sihitaji kuambiwa. Ameniambia mwenyewe kwa kusema.

Mwili si mzuri. Ngazi zimerudi kuwa ndefu. Usinililie.

K.

(Ndani ya bahasha hiyo hiyo, kwa mwandiko mwingine)

Vasiti mwanangu, mimi Losana. Nimefungua barua hii kabla ya kuibandika stempu, na sitaki kusikia lawama. Leo nimekuta soksi. Vidole vyake vya mkono wa kushoto viliingia ganzi jana, akaniambia amevilalia. Daktari anasema damu ikiganda humo moyoni, kidonge kikija baadaye hakitasaidia. Nikimpa anavishika mdomoni, nikigeuka anatema. Amekaa kwenye kile kiti akitazama sakafu ya kando yake, pale chini, kana kwamba kuna mtu. Sijui mnaficha nini huko kwenu. Chochote kile, kitoeni.


Shambani, Kadavu
11 Agosti 2003

Kwa bibi anayekaa nyumbani kwa Losana, Nabua.

Sijui barua ya namna hii huanzaje. Mke wangu ameketi hapa ananitazama, analia, hanisaidii.

Mimi ni Nemani mwana wa Apisalome. Niko hai. Naandika kwa mkono wangu, na unaujua mwandiko wangu tangu shule, ulikuwa ukinicheka herufi ya M. Nimesikia habari ya soksi. Nimesikia habari ya vidole. Maiti hawezi kuyajua hayo, basi amini.

Asubuhi ile ya Ijumaa Losana alisema kwenye simu ya redio kwamba wanaingia moyoni, na kwamba mwenye neno la kumwambia Kelera aliseme leo. Kijiji kizima kilisikia. Mchungaji alituma neno, kwaya ikatuma neno, hata mzee wa posta alituma neno. Mimi nilisimama pale nikawa sina ninayeruhusiwa kumpa neno langu. Nikaenda ufukweni, nikachukua kimashua cha shemeji. Walinizuia. Bahari ilikuwa mbaya, na mara mbili nilidhani nimekwisha. Nilifika Suva mchana nimelowa hivyo ulivyoniona, nikaingia hospitali kwa mlango wa jikoni pamoja na watu wa chakula.

Nilikusudia kukohoa tu. Naapa. Nilitaka nikohoe mlangoni, usikie, nirudi. Lakini ulikuwa umelala chali, mweupe midomo, na huna jiko la kuhamia. Nikakaa chini. Nikakohoa, hukusikia. Nikakohoa tena. Ndipo mdomo wangu ukafunguka wenyewe, nikasema niliyosema.

Ukainuka, na damu ikaruka.

Niliiona. Ilifika ukutani. Nikajua ni mimi, nimevunja mwiko na mwiko umekupiga wewe badala yangu. Nilikimbia. Sijui hata nilivyorudi. Nilipofika nilichukua jino la nyangumi la marehemu baba nikawapelekea wazee kuomba msamaha, na Jumatano wakaja nalo barazani kunipa jibu. Wakanisamehe, lakini wakasema nikae huku juu, nifunge mdomo, na kijiji kifunge mdomo, mpaka urudi mzima, nisije nikaongeza kosa. Nikamwapisha mke wangu. Nilidhani kunyamaza ndiko kutakuponya. Sasa naambiwa unakufa kwa sababu nimenyamaza.

Wazee hawajui kwamba naandika. Mara ya kwanza nilikosa kwa kuzidiwa. Hii nakosa kwa makusudi, na kama kuna adhabu, nimeomba ije kwangu na ijue njia ya huku shambani.

Usiniombolezee. Kunywa dawa. Mbele ya Losana, umeze, ufungue mdomo aone.

Ulikuwa mwepesi, mgongoni. Watu walinipa pole njiani, nami sikuwa nimechoka. Hilo nimetaka kulisema muda mrefu.

Ukijibu, usiniandikie mimi. Nimekwisha tumia maneno yote niliyokuwa nayo.

Nemani


Nabua, Suva
20 Agosti 2003

Wifi yangu Vasiti,

Barua imefika. Simjibu aliyeiandika, kama inavyopaswa, kwa hiyo sikiliza wewe, na kama kuna mtu amekaa nyuma ya ukuta anasikiliza, hilo si kosa langu.

Niliposoma jina nilishuka kwenye kiti. Mama mdogo akapiga yowe, kidonda, kidonda, nami nikakaa sakafuni pale pale nilipokuwa nikipatazama, nikalia mpaka jirani akaja. Kisha nikameza vidonge, nikafungua mdomo, mama mdogo akaangalia mpaka chini ya ulimi. Tangu siku hiyo ananikagua asubuhi na jioni, na nadhani amelipenda lile jambo.

Hospitali wamenipaka mafuta kifuani wakautazama moyo kwenye kioo. Mlango uko wazi. Damu iliyoganda hawakuiona. Daktari alinigombeza kwa upole, akaniambia pia kwamba kinena cha mtu yeyote aliyewekewa mrija kitavuja akiinuka mapema, na ndiyo maana wakaniwekea mchanga. Mwambie mumeo hivyo. Mwambie niliinuka mwenyewe, kwa ukaidi wangu ninaojulikana nao. Hakuna mwiko ulionipiga. Ashuke kutoka huko juu, viazi vitajilinda.

Mwambie na herufi yake ya M bado mbaya.

Ganzi ya vidole haijaisha. Mkono wa kushoto hauvuti ukindu kama zamani, na daktari hasemi utarudi wala hautarudi. Mkeka utaumaliza wewe, nami nitakaa nikikosoa. Hayo ni malipo ya maombolezo yangu, na nimeyapokea.

Kuna jambo moja siwezi kumwambia mtu mwingine. Nilipodhani amekufa nilikuwa na sauti yake. Niliisikia kila siku ya mvua, nikajizoeza, nikawa namjibu kimoyomoyo, tukawa tunazungumza kama watoto. Sasa yuko hai, na sauti ile imenyamaza. Jana mvua ilinyesha mchana kutwa, nikakaa nasikiliza, na nyumba ilinuka chai tu. Nimemshukuru Mungu kwa yote mawili, lakini moja nimelishukuru huku nalia. Ndiyo haki yenyewe. Kaka yangu nimerudishiwa, na sauti nimeirudisha mimi.

Wameniruhusu kusafiri. Nitakuwa kwenye meli ya Alhamisi ijayo. Usije na watu wengi gatini, nitachoka. Nipikie majani ya magimbi kwa tui zito, na mke wa mchungaji umwambie kwa upole kwamba kiti changu cha kwaya nakitaka.

Na jioni, nikiwa nimekwisha kaa ndani, mwambie mumeo aje mlangoni. Asiseme kitu. Akohoe tu, nami nitahamia jikoni taratibu, maana bado natembea polepole. Asiingie haraka. Akohoe mara ya pili.

Wifi yako,
Kelera